Mbu, furu na twiga: mpaka wa spishi unapita wapi?

Weka majike wa aina mbili za furu, samaki wadogo wa Ziwa Victoria, kwenye tangi la kioo pamoja na madume wao wa rangi mbili: wengine wa samawati, wengine wekundu mgongoni na manjano ubavuni. Taa ikiwa nyeupe, kila jike humwelekea dume wa upande wake, na yule mwingine hamjali hata akimchezea kutwa. Sasa badilisha taa, weka mwanga wa rangi ya chungwa tupu unaofanya madume wote waonekane sawa. Uchaguzi unakwisha. Jike anakubali dume yeyote, mayai yanarutubishwa, watoto wanatoka wazima, wanakua na wao wanazaa bila shida.

Jaribio hilo lilifanywa Leiden, Uholanzi, miaka ya 1990, na Ole Seehausen na wenzake, kwa samaki wa Mwanza. Linatuachia swali moja: ndani ya tangi lile mna spishi ngapi? Jibu la kweli ni kwamba inategemea taa. Si mzaha. Ukielewa kwa nini jibu hilo ni sahihi, sehemu kubwa ya mjadala wa wanabiolojia kuhusu spishi itakuwa imekufungukia.

Kwa muda mrefu spishi lilikuwa jambo la macho. Anayefanana na huyu ni wa hawa, asiyefanana ni wa wale. Carl Linnaeus wa Sweden, ambaye chapisho lake la 1758 ndilo lililoanzisha utaratibu wa majina ya Kilatini ya wanyama tunaoutumia hadi leo, alipanga viumbe kwa kuangalia maumbo: idadi ya meno, umbo la mguu, mpangilio wa magamba. Njia hiyo bado ina kazi. Mtaalamu aliyeshika mfupa wa mnyama aliyekufa miaka milioni mbili iliyopita hana njia nyingine, maana mfupa hauzai.

Shida ya macho ni kwamba hudanganya pande zote mbili. Tausi dume na jike wangeweza kuhesabiwa kuwa ndege wawili tofauti. Na kuna viumbe wanaofanana kabisa lakini hawana uhusiano wa uzazi hata chembe.

Ernst Mayr, Mjerumani aliyehamia Marekani, ndiye aliyeusukuma mjadala mbali na maumbo. Alipokuwa kijana, mwishoni mwa miaka ya 1920, alikusanya ndege New Guinea. Wenyeji wa milima ya Arfak walikuwa na majina 136 ya ndege ambao yeye, kwa utaalamu wake wa makumbusho, aliwagawa katika spishi 137. Walitofautiana naye kwenye ndege wadogo wawili tu wanaofanana mno. Kwa Mayr huo ulikuwa ushahidi kwamba spishi si mchezo wa watu wa Ulaya wenye makabati. Kuna kitu halisi huko msituni, na anayeishi nacho hukiona. Mwaka 1942 akatoa ufafanuzi unaofundishwa shuleni mpaka leo: spishi ni jamii za viumbe wanaozaliana, au wanaoweza kuzaliana, katika hali ya asili, na ambao wametengwa kiuzazi na jamii nyingine.

Maneno "katika hali ya asili" ndiyo wanafunzi wengi huyasahau. Simba na chui milia wakifungiwa pamoja kwenye bustani ya wanyama wanaweza kupata mtoto. Hilo halimsumbui Mayr. Anachouliza ni kinachotokea pasipo na kufuli. Na kizuizi chenyewe kinaweza kuwa popote njiani. Pengine wawili hawakutani, kwa sababu mmoja hupandana usiku na mwingine alfajiri. Pengine wanakutana lakini wimbo au rangi si yenyewe. Pengine wanapandana na kiinitete kinakufa. Au chotara anazaliwa mwenye nguvu kama baghala, lakini tasa: farasi ana kromosomu 64, punda 62, baghala 63, na idadi hiyo haipangiki vizuri wakati wa kutengeneza mbegu.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki mfano wenye uzito zaidi ni mbu. Hadi miaka ya 1950, mbu mkuu wa malaria barani Afrika alijulikana kwa jina moja, Anopheles gambiae. Tatizo lilikuwa tabia zake. Mahali pengine aliuma watu ndani ya nyumba, pengine aling'ang'ania ng'ombe, pengine mabuu yake yalistawi kwenye maji ya chumvi ya pwani ambayo yangewaua wenzao wa bara. Watafiti walipoanza kuwapandanisha maabara, mambo yakajitokeza: baadhi ya michanganyiko ilitoa madume tasa. Yaani lililoitwa jina moja lilikuwa kundi zima la spishi, ambazo ukiwaweka mbu wazima chini ya hadubini huwezi kuwatofautisha kwa uhakika. Leo hutambuliwa kwa kipimo cha DNA. Mmoja amebaki na jina la gambiae, na huyo anapenda damu ya mtu na kulala ndani. Arabiensis huuma watu na ng'ombe, ndani na nje. Merus ni wa maji chumvi ya pwani. Quadriannulatus hufuata wanyama, na kwa malaria ya binadamu hana hatia kubwa.

Nani anajali? Anajali anayegawa vyandarua. Magharibi mwa Kenya, vyandarua vyenye dawa viliposambaa, gambiae alipungua sana, na arabiensis, ambaye anaweza kula zizini na kupumzika nje, akachukua sehemu kubwa ya waliobaki. Mtu anayehesabu "mbu wa malaria" kama kitu kimoja angeona idadi imeshuka, akashangilia, bila kujua kwamba silaha yake inampiga mmoja na kumkosa mwingine.

Hata hapo mpaka haujazibwa kabisa. Dume chotara wa gambiae na arabiensis ni tasa, lakini jike chotara huzaa. (Mwanabiolojia Mwingereza J. B. S. Haldane aliliona jambo hili kwa wanyama wengi mwaka 1922: utasa ukiwa wa jinsia moja, kwa kawaida ni ile yenye kromosomu za jinsia zisizofanana.) Kupitia majike hao jeni zimekuwa zikivuja kutoka upande mmoja kwenda mwingine kwa maelfu ya vizazi. Na kati ya gambiae na coluzzii, ndugu yake wa karibu zaidi aliyepewa jina mwaka 2013, jeni ya usugu dhidi ya viuatilifu imevuka mpaka huko Afrika Magharibi. Spishi mbili, ndiyo, na silaha zinapitishwa chini ya ukuta.

Uvujaji huu si wa mbu pekee. Amboseli, ambako nyani wamefuatiliwa mmoja mmoja tangu 1971, nyani wa manjano na nyani wa rangi ya zeituni hukutana na kuzaana. Nasaba zao zilitengana miaka milioni 1.4 hivi iliyopita. Machotara wao wana afya, wanapata wenza, wanazaa. Kwa kipimo kikali cha Mayr hao ni spishi moja. Lakini uchunguzi wa jenomu, yaani DNA yote ya kiumbe, uliochapishwa 2022 ulionyesha kwamba sehemu fulani za DNA ya upande wa pili hupunguzwa polepole na uteuzi asilia, kizazi baada ya kizazi, bila mtazamaji yeyote mwenye darubini kuona chochote. Mpaka upo. Ni kwamba haulindwi kwenye tendo la kupandana. Unalindwa baadaye, kimyakimya.

Ongeza hapo bakteria, ambao hawapandani kabisa na bado hubadilishana jeni na majirani wa mbali, ongeza visukuku, ongeza jamii mbili zinazoishi milima tofauti na hazijawahi kupata nafasi ya kukataana. Ufafanuzi wa Mayr haufiki huko. Ndiyo maana kumezuka fafanuzi nyingi, zaidi ya ishirini kwa hesabu za wanaozihesabu: kuna wanaotazama nasaba, wanaotazama nafasi ya kiumbe katika mazingira, wanaotazama DNA tu. Sitazipitia zote, na sidhani msomaji atakosa usingizi kwa hilo. Linalosaidia zaidi ni wazo la Kevin de Queiroz, mtaalamu wa wanyama watambaao wa Marekani. Yeye anasema wote hawa wanazungumzia kitu kimoja, nasaba inayokwenda njia yake. Ila nasaba mbili zinapotengana hupata tofauti zao kwa nyakati tofauti: leo rangi, baadaye sauti, baadaye sana utasa wa machotara, na si lazima kwa mpangilio huo. Anayetumia utasa kama kipimo na anayetumia rangi watapishana kwa sababu kila mmoja anasubiri tukio lake.

Twiga wanaonyesha gharama ya kusubiri. Kwa miaka mingi walihesabiwa spishi moja, na kwenye bustani za wanyama twiga wa asili tofauti huzaana bila taabu. Mwaka 2016 uchunguzi wa DNA ulionyesha kwamba porini kuna makundi manne ambayo hayachanganyikani karibu kabisa: wa kaskazini, wa kusini, wa miraba na wa Kimasai. Mnamo Agosti 2025 Muungano wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, ukakubali kwamba ni spishi nne. Kenya peke yake ina tatu kati yao. Ukihesabu twiga wote wa Afrika kwa pamoja unapata zaidi ya laki moja na unalala vizuri. Ukiwahesabu wa kaskazini peke yao, unakuta elfu saba hivi. Tembo walipita njia hiyohiyo mwaka 2021: wa savana na wa msituni wakapimwa mbalimbali, na hali ya wa msituni ikaonekana kuwa mbaya kuliko jumla ilivyokuwa ikionyesha.

Sasa, spishi mpya hutoka wapi?

Njia inayoeleweka kirahisi ni ya kutenganishwa. Kaskazini mwa Mto Kongo kuna sokwe. Kusini mwake kuna bonobo, ambao porini hawapatikani popote pengine duniani. Wanyama hawa hawaogelei. Babu zao waligawanyika kati ya miaka milioni moja na mbili iliyopita, na tangu hapo kila upande umekusanya mabadiliko yake: bonobo wembamba zaidi, jamii zao zikiongozwa kwa kiasi kikubwa na majike, sokwe na vita vyao vya mipakani. Uchunguzi wa 2016 ulikuta vipande vidogo vya DNA ya bonobo ndani ya sokwe wa Afrika ya Kati, kwa hiyo hata mto ule mkubwa haukuwa ukuta kamili wakati wote.

Lakini kutengana kunaelezaje utasa? Hapa ndipo wengi hukwama, na wana haki ya kukwama. Ikiwa kuna badiliko la jeni linalofanya watoto wawe tasa, uteuzi asilia ungelifyeka siku lilipotokea. Lingefikaje mpaka kuenea kwa spishi nzima?

Jibu ni kwamba hakuna aliyepita kwenye utasa. Chukua jeni mbili zinazofanya kazi pamoja katika mwili wa babu. Wanyama wa kaskazini mwa mto wanapata toleo jipya la jeni ya kwanza. Linapatana vizuri na jeni ya pili ya zamani, kwa hiyo linaenea. Kusini, jeni ya kwanza imebaki ya zamani, ila ya pili imepata toleo jipya. Nalo linapatana na ya kwanza ya zamani, linaenea. Pande zote mbili wazima wa afya. Lakini lile jipya la kaskazini na lile jipya la kusini hayajawahi kukaa mwili mmoja hata siku moja. Mara ya kwanza yanakutana ndani ya chotara, na huko hakuna kilichowahi kuhakikisha kwamba yatasikilizana. Theodosius Dobzhansky aliandika hivyo mwaka 1937, Hermann Muller akaendeleza, na baadaye ikagundulika kwamba William Bateson alikuwa amelifikiria jambo hilohilo mwaka 1909. Utasa haukutafutwa na yeyote. Ni ajali ya kila upande kushughulika na mambo yake.

Mimea ina njia ya mkato. Ngano ya unga wa chapati ilitokea miaka elfu nane au zaidi iliyopita, karibu na Bahari ya Kaspi, ngano ya zamani yenye kromosomu 28 ilipochavushwa na nyasi pori yenye 14. Kwa kawaida chotara wa namna hiyo angekuwa tasa, kwa kuwa kromosomu zake hazina wenza. Seti nzima ikaongezeka maradufu, kila kromosomu ikapata mwenzake, na ikatoka ngano yenye 42 isiyoweza kuzaa vizuri na mzazi yeyote kati ya wawili. Spishi ndani ya vizazi vichache, shambani mwa mtu.

Turudi Mwanza, kwa sababu furu hawakupata mto wala kuongeza kromosomu. Samaki wa lile tangi ni wa jenasi (kundi la spishi zilizo karibu) iliyopewa jina Pundamilia kwa ajili ya mistari yao. Wa samawati ni Pundamilia pundamilia. Mwekundu ni Pundamilia nyererei, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1985, mwaka ambao Mwalimu alitoka madarakani. Wanaishi kwenye mawe ya visiwa vilevile, mita chache tu kati yao, samawati juu na mwekundu chini zaidi.

Maji ya Ziwa Victoria si meupe. Chembe zilizomo hunyonya na kutawanya mwanga wa buluu kwanza, kwa hiyo kadiri unavyoshuka ndivyo kunavyobaki manjano na nyekundu. Samaki wa chini anahitaji jicho linaloshika nyekundu. Wa juu anahitaji jicho jingine. Tofauti hiyo imo kwenye jeni ya opsini, protini inayopokea mwanga machoni. Na jike mwenye jicho la nyekundu humwona vyema dume mwekundu. Hivyo jicho lililobadilika kwa ajili ya kuishi kwenye kina fulani linageuka pia kuwa kigezo cha kuchagua mwenza. Mazingira yamefanya kazi mbili kwa nyenzo moja. Seehausen na wenzake walilieleza hili mwaka 2008 kwa kulinganisha visiwa. Makobe, penye maji maangavu kiasi, spishi mbili zimesimama wazi, na matoleo ya opsini yamegawanyika vizuri. Luanso, ndani ya Ghuba ya Mwanza penye maji machafu, mwanga hubadilika ghafla mno ndani ya kina kifupi. Huko kuna jamii moja iliyochanganyika, madume kuanzia samawati hadi wekundu na wengi wa katikati.

Kwa hiyo ile taa ya chungwa ya Leiden ipo ziwani. Tangu karne iliyopita udongo wa mashamba, mbolea na maji taka vimelisha mwani na kupunguza uangavu wa ziwa, na mwaka 1997 Seehausen alionyesha kwamba palipo na tope zaidi spishi za furu ni chache na rangi zao zimefifia. Watu hulaumu sangara, aliyepandikizwa miaka ya 1950 na kufumuka miaka ya 1980, na wana sababu: spishi za furu zipatazo 200 hukadiriwa kuwa zilitoweka katika kipindi hicho. Kikundi cha Waholanzi na Watanzania kilichokuwa Mwanza tangu 1977 kilishuhudia samaki wanaoingia nyavuni wakibadilika. Lakini sangara hula samaki. Tope hufanya kitu cha ajabu zaidi: linafuta spishi bila kuua samaki hata mmoja. Watoto wapo, jeni zipo, ila mpaka umeyeyuka.

Ningeishia hapo kama mchanganyiko ungekuwa hasara tupu. Sivyo. Chembe za udongo zilizochimbwa chini ya ziwa zinaonyesha lilikauka mwishoni mwa enzi ya barafu na kujaa tena miaka 15,000 hivi iliyopita. Spishi zipatazo 500 za furu kwa muda huo ni kasi isiyo ya kawaida kwa wanyama wenye uti wa mgongo. Mwaka 2017 timu ya Joana Meier ikaeleza mbio hizo zilipata wapi mafuta: furu wa eneo hili wametokana na machotara wa nasaba mbili za kale, moja ya upande wa Kongo na nyingine ya Nile ya juu, waliochanganyika miaka kama 150,000 iliyopita. Matoleo mawili ya opsini yanayowatenganisha leo samaki wa juu na wa chini yalikuja kila moja na nasaba yake. Jeni za kutengeneza mpaka zililetwa na mpaka uliovunjika.

Anayetaka kuona kazi ikiwa katikati aende Rungwe, kwenye ziwa la kreta la Masoko, ambalo wenyeji husimulia kwamba lina mali ya Wajerumani chini yake. Lina upana wa mita 700 hivi. Samaki wa familia hiyohiyo ya furu waliingia humo, na uchunguzi wa 2015 ulikuta wamegawanyika: wa manjano ukingoni, wa buluu vilindini, wakitofautiana taya, chakula na jeni za macho. Mgawanyiko huo una umri wa miaka 500 hadi 1,000, ndani ya bakuli moja la maji lisilo na ukuta wowote. Sehemu kubwa ya jenomu zao bado haijatofautiana. Tofauti kubwa zimerundikana kwenye maeneo machache. Watafiti hawakuwapa majina mawili. Waliwaita maumbo mawili ya Astatotilapia calliptera, na kati ya makundi hayo wavu bado huleta samaki wasio wa upande wowote.